Mkaratusi wa Meza ya Wakwe

Jumanne, 24 Juni
Kibali cha kukata mti kimetoka. Mti mmoja tu, mkaratusi wa nyuma ya nyumba. Baada ya wiki tatu wakwe wanakuja kumuomba binti yetu Ariane. Nimemwahidi mke wangu Béatha meza ndefu ya mbao zetu wenyewe. Yeye alitaka kumuagiza jirani Gasana, seremala. Haiwezekani. Gasana alisema mbele ya watu kwamba mimi hata njiti ya kiberiti nikiishika inapinda.
Nimekata mchana. Nilipanga uangukie uani. Umeangukia njiani. Kipande cha ukuta kimeondoka nao.

Jumatano, 25 Juni
Nimemwita shemeji Benon, kaka wa Béatha, tupasue mbao. Tumeanza na kipande cha juu, chepesi. Kazi yenyewe iko hivi: gogo linawekwa juu ya jukwaa la miti, mtu mmoja anasimama juu yake, mwingine chini, msumeno unapanda na kushuka. Mimi juu, kwa kuwa ndimi mwenye mti. Benon chini, akala unga wote wa mbao. Baada ya saa nzima akauliza kama huko juu shemeji anavuta au ameegemea tu.
Tumepata ubao mmoja. Upande huu mkate, upande ule chapati. Béatha ameutazama sana. Amesema wakwe watakula wameshika sahani.

Alhamisi, 26 Juni
Benon anaumwa mgongo. Gogo kubwa bado limeziba njia. Mama Mukandekezi, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, amenipa mpaka Jumamosi liwe limeondoka.
Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi! Mtaa mzima nje, mikono bure. Nimemwambia, mama, gogo hilo nimelitoa kwa daraja la mfereji pale bondeni, wazee wanavuka kwa shida. Watu wapasue, mimi nitachagua mbao za daraja. Sikusema kwamba daraja litapata maganda ya pembeni, na mbao za katikati zitakuja kwangu. Amenishika mikono yote miwili, akaniita mzazi mwema. Nimeona haya kidogo. Kidogo sana.

Jumamosi, 28 Juni
Walilibeba gogo kama mtoto wa ubatizo. Gasana alikuja na msumeno wa injini na kamba ya masizi, akapiga mistari. Mbao nane. Zimenyooka, nyekundu. Akilini nilishaona mkwe wangu ameweka kiwiko juu ya meza.
Nikaanza kuchagua: maganda kwa mfereji, mbao kwangu. Mama Mukandekezi akaniuliza mimi, mzee Sibomana, natenga nini, maganda si yataoza mvua ya kwanza? Gasana akajibu kwa niaba yangu. Akasema huyu mzee ana aibu, hapendi kusifiwa, msimsumbue, pigilieni. Wakapigilia zote nane.
Kisha akaninong'oneza kwamba mbao mbichi hata hivyo zisingefaa meza. Zingepinda kabla ng'ombe wa mahari hajatajwa.
Kwenye mkutano wa baada ya kazi nimepigiwa makofi. Béatha alipiga kuliko wote. Halafu nikamwona anapima kwa hatua, pale pale darajani, urefu wa meza atakayotengeneza Gasana.

Jumapili, 29 Juni
Nimevuka daraja kwenda misa. Ni imara, kwa bahati mbaya.
Lakini nyuma ya nyumba kuna mkaratusi wa pili, na Gasana hajaanza meza yake. Kibali cha pili si rahisi, labda kanisa likiniombea. Kabla ya misa nimemwendea padri. Nimemwambia nautoa mti mzima kwa mabenchi ya kwaya, wanakwaya wapasue tu, mbao nitachagua mwenyewe. Amefurahi mpaka ametangaza mbele ya waumini wote.
Gasana, anayeimba besi, akasimama akasema ataleta msumeno wake. Hakuna aliyemwomba. Maskini, hajui anapasua meza ya nani.