Shingo Iliyoongezeka Inchi Moja

Jumatatu, 3 Machi

Shingo yangu imeongezeka inchi moja. Inchi nzima! Jana nilijipima nyumbani mbele ya kioo kwa tepu ya mke wangu, ikawa kumi na tano. Leo nimejipima dukani, kumi na sita. Mtu mwingine ningemwambia umekosea kupima. Lakini mimi ni fundi cherehani. Nimeshona kola nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu.

Yote yalianza na kichwa. Asubuhi kisogo kinaniuma, na tundu la sindano limeanza kunikwepa. Nikafungua simu nitafute sababu. Ukurasa mmoja ukanipeleka kwenye mwingine, huo ukanipeleka kwingine, mpaka nikajikuta kwenye shingo. Ugonjwa adimu wa tezi. Dalili: shingo kunenepa polepole, uchovu, hasira za karibu. Nikamuuliza mke wangu kama nina hasira za karibu. Akasema ndiyo. Nikamfokea. Dalili imethibitika!

Walioandika ukurasa huo wanasema ugonjwa huu huwapata watu wachache sana duniani. Wachache sana! Sitaficha, nilijisikia vizuri kidogo.

Maana kuna suala la Kisigino. Huyu ni fundi viatu anayekaa barazani mbele ya duka langu. Mwezi uliopita alipasuliwa tumbo akatolewa kibole, na tangu siku hiyo amekuwa mfalme wa mtaa. Wateja wanamletea matunda. Yeye anapandisha shati, anaonyesha kovu, wanawake wanashika mashavu. Wateja wangu mwenyewe wanapita kwake kwanza! Kibole ni nini? Kila mtu anacho. Ngoja wasikie yangu.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo. Nimeusoma tena ule ukurasa kwa utulivu. Umeandika wazi kwamba ugonjwa huu hauna maumivu ya kichwa.

Nimefikiri sana, hata nimeshona mfuko wa suruali nje ndani. Mwisho nimeamua: kichwa ni jambo lake, tezi ni jambo lake. Kitambaa kikizidi hukatwa. Kichwa sitakitaja.

Nimejiunga na kundi la wagonjwa wa tezi kwenye simu. Mkubwa wao anajiita Tezi Sugu. Ananiambia madaktari hawampendi mgonjwa aliyesoma. Wanakukatiza kabla hujameza mate. Dawa yake ni kuanza wewe, uongee mfululizo, usiache upenyo. Nikamshukuru. Akanijibu kwa picha ya ngumi. Hatimaye nimepata watu wanaonielewa.

Jumatano, 5 Machi

Nimechapisha utafiti wangu kwenye duka la fotokopi. Bunda zima! Mwenye mashine akauliza kama nasoma chuo. Nikasema ni mambo ya kitabibu. Akanisogezea kiti.

Nimepita nalo mbele ya Kisigino, kwapani, polepole. Akauliza kama nimepata kesi mahakamani. Watu wa vibole wana upeo mdogo.

Baada ya chakula nikafanya mazoezi, mke wangu akiwa daktari. Nikaanza hotuba. Sijafika mbali akaniuliza nahisi nini mwilini. Nikamwambia daktari hawezi kuuliza swali kama hilo. Akasema sasa ataulizia nini, bei ya mapazia? Nikasimamisha mazoezi.

Halafu akatangaza kwamba kesho hospitali tunakwenda wote. Nikakataa kata kata. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye hana muda wa kuumbuliwa. Tumekubaliana kwamba atakuja lakini atakaa kimya. Yaani mimi nimekubali. Yeye alikuwa tayari anapiga pasi gauni.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandika nikiwa nimekaa jikoni, mke wangu ananiangalia kama sufuria ya maziwa iliyo motoni.

Mlangoni nesi alitaka kunifunga ile mashine ya presha mkononi. Nikamwambia kwa upole kwamba presha haihusiani na shauri langu, nimekuja kwa ajili ya tezi. Akamwangalia mke wangu. Mke wangu akaangalia dari, kwa sababu tulikubaliana atakaa kimya.

Daktari ni binti mdogo, hajamfikia kifungua mimba wetu. Nikamwamkia yeye kwanza kwa kuchanganyikiwa. Nikaketi, nikafungua bunda, nikaanza kama nilivyofundishwa, mfululizo, bila upenyo. Nikasubiri anikatize. Hakukatiza! Aliweka kalamu chini akasikiliza. Sikuwa nimejiandaa kwa jambo hilo. Maneno yakaniishia katikati ya ukurasa wa pili, nikabaki nasema kwa hiyo, kwa hiyo, kwa hiyo.

Akachukua karatasi zangu akazisoma. Kwa kweli alizisoma! Akasema hii ya juu ni nzuri, imeandikwa na watu wa hospitali, nimefanya vizuri kuileta. Nikamtupia mke wangu jicho. Kisha akanionyesha ile ya pili, chini kabisa, kwenye maandishi ya ukubwa wa kunguni. Aliyeandika anauza majani ya chai ya kuyeyusha tezi. Nikarudisha jicho langu.

Akaniuliza: tukiacha niliyoyasoma, nahisi nini? Nikamweleza niliyoyasoma. Akauliza tena, taratibu, kama hakusikia. Kichwa kinauma? Hapana. Macho je? Ya tai. Wazazi? Mama mzima, baba alifariki kwa ajali kazini.

Akanipapasa shingo, akanipa maji nimeze huku ameishika. Akasema haoni uvimbe wowote. Hapo ndipo nilipokuwa namngojea! Tepu yangu ya dukani huwa shingoni muda wote, hata harusini naisahau huko. Nikaivuta, nikajizungushia mbele yake. Kumi na sita! Asome mwenyewe. Akasoma, akakubali kwamba ni kumi na sita. Kisha akatoa tepu yake kwenye droo. Kumi na tano.

Mimi nikasema tepu za serikali hizo haziaminiki. Mke wangu akanyoosha mkono, akaichukua tepu yangu, akaangalia ncha yake. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia kitanda cha wagonjwa.

Tepu yangu inaanzia moja. Niliikata mwenyewe mwaka jana ncha ilipochakaa, nikasema kununua mpya ni ufujaji. Nikimpima mteja, mkono wenyewe unatoa inchi moja bila kuniuliza. Nimeshona mtaa mzima kwa tepu ile na hakuna aliyewahi kulalamikia kola. Mtu mmoja tu duniani nimesahau kumtolea inchi yake, na mtu huyo alikuwa amekaa pale na bunda la karatasi mapajani. Ndio wachache sana duniani hao.

Ningependa kuandika kwamba tulicheka wote tukaagana. Lakini daktari akasema tukimaliza na shingo, anaomba mkono. Nikampa, ningemnyimaje? Mashine ikabana, ikapumua. Akaangalia namba. Akaniambia nikae kimya kidogo nipumzike, akapima mkono wa pili. Tabasamu likamwisha.

Akauliza tena habari za kichwa. Mimi nikaangalia karatasi zangu. Mke wangu akavunja mkataba. Akasema kisogo kinamuuma huyu kila asubuhi, na tundu la sindano halioni, yeye ndiye anayemtungia uzi siku hizi na kumwachia tayari kwenye mto wa sindano. Mimi nilidhani natunga mwenyewe siku za bahati! Akaendelea. Akasema baba mkwe hakufa kwa ajali. Alianguka juu ya cherehani, mguu bado uko kwenye pedeli, akiwa na umri wangu huu huu. Na alikuwa akilalamikia kisogo.

Mimi nikasema naogopa. Lilinitoka tu. Nikasema ningependa kuwa na ugonjwa wowote duniani ila huo wa baba.

Daktari hakunicheka. Alisema kusoma si kosa, niendelee kumletea ninachosoma, hata kurasa mia. Ila nianze na ninachohisi, chote, hata kile kisicholingana na karatasi. Akasema kama mke wangu asingefungua mdomo, angenirudisha nyumbani na pongezi kwa kuwa na tezi nzuri. Kisha vipimo vya damu, dawa kila siku hata nikijisikia mzima, chumvi nipunguze, na Alhamisi nirudi.

Njiani mke wangu alinishika mkono. Hajanishika mkono barabarani tangu tuoane. Nilitembea polepole, nisije nikaharibu.

Ijumaa, 7 Machi

Presha! Nimelala, nimeamka, bado ni presha. Kila mtu ana presha. Muuza mkaa ana presha, shangazi zangu wote wana presha, wanaizungumzia kama hali ya hewa. Ningemwambiaje Kisigino?

Nikatafuta jina rasmi la presha. Nikavuka hadi barazani, nikaketi kwenye kigoda chake cha wateja, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nimegundulika na shinikizo la juu la damu. Kisigino akaacha kugonga msumari. Akanishika bega. Akasema pole sana ndugu yangu, Mungu akutangulie, afadhali mimi nina presha tu.

Anayo mwaka wa tano! Hajawahi kumwambia mtu. Nikamuuliza kwa nini kibole akitangaze na presha aifiche. Akasema presha haina kovu la kuonyesha. Hilo nililielewa kabisa.

Alasiri mteja wake mmoja aliniletea mapapai mawili kwa ajili ya shinikizo langu. Nimemgawia Kisigino moja. Dogo.

Jumatatu, 10 Machi

Dawa nameza. Mke wangu anasimama mbele yangu mpaka nionyeshe ulimi, kama mtoto wa chekechea.

Nimeliarifu kundi kwamba sina tezi. Nilitegemea hongera. Tezi Sugu akaandika kwamba nimenunuliwa na daktari, kisha akaniondoa. Roho imeniuma kuliko nilivyotarajia. Tulikuwa tumezoeana.

Nimejiunga na kundi la presha. Lina watu wengi mno, ni kama soko. Hakuna anayekujali humo.

Alhamisi, 13 Machi

Presha imeshuka! Haijafika chini inakotakiwa, lakini imeshuka. Majibu ya damu pia ni mazuri. Daktari alifurahi kama namba ni zake. Nilimpa mkono nesi wa mlangoni kabla hajaniomba, hata begi la mashine nilimfungulia. Tukaketi muda mrefu akitueleza kuhusu dawa, mimi nikitikisa kichwa kwa ufahamu.

Asubuhi hii kisogo hakikuuma. Na jioni, dukani, nimetunga uzi mwenyewe. Mara ya kwanza tu, ukapita! Nimeutoa nikautunga tena kuhakikisha. Kisha nikalia kidogo juu ya sketi ya mtu. Baba hakupata nafasi hii. Cherehani ni ile ile yake, pedeli ile ile, na mimi bado nimekaa hapa.

Nimemwahidi mke wangu kwamba sitamficha daktari kitu tena maishani. Akanitaka niape. Nimeapa, mkono kwenye cherehani. Ni kweli mtu hujifunza kwa kuumia. Mimi nimejifunza. Nimekuwa mtu mpya kabisa.

Jumapili, 16 Machi

Kikohozi. Kikavu, kinakereketa kooni, kimeanza juzi. Mke wangu anasema daktari alitueleza Alhamisi kwamba dawa hii huwapa baadhi ya watu kikohozi cha namna hiyo hiyo, na kikija tumwambie tu abadilishe dawa. Mimi sikumbuki kusikia hayo. Nilikuwa natikisa kichwa.

Hata hivyo, nimeamua kuangalia kidogo kwenye simu. Kidogo tu, nikiwa nangojea chai ipoe. Jamani! Kumbe kuna ugonjwa wa mapafu unaowapata mafundi nguo kwa sababu ya vumbi la nyuzi. Kikohozi kikavu, ndicho hicho. Kukohoa ukiinama, nami huinama mchana kutwa. Jina lake lina maneno sita. Huwapata watu wachache sana duniani.

Kesho naenda kwa daktari, peke yangu, mke wangu ana nguo za harusi za kushona. Fotokopi nimeshapita, mwenye mashine amenifungulia ingawa ni Jumapili. Ipo shida moja tu ndogo. Ukurasa unasema ugonjwa huu hauhusiani kabisa na dawa za presha, na sitaki binti yule achanganyikiwe. Kwa hiyo akiniuliza kama ile dawa yake bado naimeza, nitasema hapana.