Marehemu Aliyezuia Bomba

Jumatatu, 3 Juni 1974
Mwalimu wa ngumbaru, kisomo chetu cha watu wazima, kasema tuandike ya mtaani. Haya, naandika. Bomba la maji linakuja Keko, na Nassibu, mjumbe wetu wa nyumba kumi, kalipeleka kwa jirani yangu Demetria! Mhaya wa juzi, hata miaka miwili hajamaliza hapa. Mie nipo tangu huku kote minazi na nyani. Magoti yangu haya nani anayafikiria? Wanaume wakaja na majembe, wajitolee kuchimba mtaro. Nikasimama, nikasema hapo kwa Demetria pana kaburi. La nani? La mzee wa Kizaramo, mwenye shamba. Mdomo wangu huu! Majembe yakashuka, wakarudi kinyumenyume.

Jumatano, 5 Juni
Nimefagia mbele ya mlango wangu, nimeng'oa mpaka mchicha, bomba lipate nafasi. Nassibu kapita. Kasema kwangu na kaburini ni pua na mdomo, na bombani wanawake hawakosi kutukanana. Marehemu aachwe apumzike. Bomba limekwenda kwa Gaspar fundi vitanda, ng'ambo ya bonde. Mbali kuliko kisima!

Ijumaa, 7 Juni
Demetria kalizungushia kaburi mawe. Kapanda na maua. Kaniambia pole, Bibi Somoe, kumtunza mzee wa watu peke yako miaka yote hiyo. Kisha akaniwekea mlangoni ndoo ya maji ya bombani. Na tumbo lile la miezi minane, na bonde lile! Nikamkaripia afunge kanga vizuri.

Jumapili, 9 Juni
Demetria kateleza bondeni na ndoo. Zahanati wamesema mtoto mzima, lakini mguu umevimba kama fenesi. Kosa langu. Nimelia, nikanyamaza, nikalia tena. Nikaenda kwa Nassibu kutubu. Nikamkuta na wazee. Sijafungua kinywa, kawaambia huyu ndiye kumbukumbu ya Keko, bila yeye tungemfukua mtu. Wazee wakanipisha kiti. Kiti chenye mto! Nikakaa. Nikazungumzia mvua.

Jumanne, 11 Juni
Ndoo sasa nabeba mie, yangu na ya Demetria. Yule mtoto wa watu kalala na mguu wake, ananiombea kwa Mungu. Yananiuma hayo kuliko magoti. Uongo huu lazima uishe. Lakini nikisema kweli, uso huu nitauweka wapi, na kile kiti?
Nimepata njia. Kesho namwambia Nassibu marehemu kanijia ndotoni. Kachoka na maua, anataka kuhamishwa; mifupa imeshakuwa udongo, kapu moja la udongo litatosha. Ndoto haina shahidi. Akishahama, huku kwetu hapana tena maiti wa kumzuia mtu kuchimba.
Na anataka akalazwe wapi? Kwa Gaspar, pale pale bombani.