Paa Lililokuwemo Kwenye Makadirio

Kwa furaha kubwa, na kwa niaba ya wananchi ambao hawakuulizwa, natangaza kwamba umaskini katika nchi yetu uliisha Jumanne moja, muda mfupi kabla ya chai ya saa nne. Aliyeumaliza ni mjomba wangu, Waziri wa Fedha. Hakutumia bunduki wala bajeti. Alisimama bungeni akasema, "Tuchukulie kwamba kila mwananchi anacho," na wabunge wakapiga meza.

Wasiosoma uchumi watahitaji ufafanuzi. Mtu wa kawaida akifika mtoni akakosa daraja, hurudi alikotoka. Mchumi husema, "Tuchukulie daraja lipo," kisha huanza kukokotoa ushuru wa magari yatakayopita. Mjomba alisomea jambo hili ng'ambo kwa miaka mingi. Aliporudi, ukoo mzima ulimpokea uwanja wa ndege, ukiwa umechukulia kwamba amekuja na zawadi.

Alianzia chuo kikuu, akifundisha juu ya soko ambamo hakuna mtu anayedanganya. Wanafunzi waliouliza soko hilo liko wapi walirudia mwaka. Akahamia benki, ambako alichukulia kwamba wakopaji wote watalipa. Benki ilipofungwa wenzake walifukuzwa, ila yeye akapandishwa cheo, kwa sababu nchi ilihitaji mtaalamu aliyewahi kuona kwa karibu benki ikikata roho. Akawa mshauri, kisha mshauri wa washauri, kisha Waziri.

Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa na amewahi kumbeba mgongoni, hakusoma uchumi. Mjomba alipokuja kula Jumapili mambo yalikuwa hivi:

"Mdogo wangu, gesi imeisha. Ungemtuma dereva akalete."

"Dada, tuchukulie gesi ipo."

"Sawa. Basi tuchukulie umeshiba. Karibu tena."

Dereva alitumwa mara moja. Lakini mama ni mmoja, na nchi ni kubwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Upepo uling'oa paa la bweni letu ukalitupa uwanja wa mpira, ndani ya goli, na wasichana wenzetu wa bweni la jirani wakadai ni bao. Tulihamia bwaloni, tukalala juu ya meza za kulia. Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba paa lisipopatikana kabla ya muhula kwisha, bweni litafungwa na sisi tutarudishwa makwetu. Mimi ningepata shule nyingine. Lakini rafiki yangu Ghorofa, tunayemwita hivyo kwa kuwa analala kitanda cha juu, kwao hakuna shule inayofikika kwa miguu, na baba yake alikuwa ameshamtafutia kazi ya ndani mjini. Ghorofa hakulia. Alianza tu kuwafundisha wenzake nyimbo zote alizozijua, kama mtu anayegawa vitu vyake.

Jumapili ya ruhusa nikalifikisha suala hilo ngazi ya juu, yaani mezani kwetu.

"Mjomba, bweni letu halina paa."

"Lina paa. Limo kwenye makadirio ya mwaka huu."

"Kwenye makadirio, sawa. Juu ya kuta je?"

"Mpwa wangu, hayo ni mambo ya utekelezaji. Kiuchumi, paa lipo."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ni kigezo cha nje," alisema, akaongeza mchuzi.

Nilirudi shuleni nikiwa nimeelimika. Nikamwendea Mwalimu Mkuu, nikapendekeza tumwalike Waziri aje kuzindua paa.

"Paa gani?"

"Lile lililopo kiuchumi, Mwalimu."

"Wewe mtoto, unataka na mimi nikatafutiwe kazi ya ndani?"

"Hapana, Mwalimu. Nataka tumshukuru."

Alifikiri. Hakuna mwalimu aliyewahi kuhamishwa kwa kosa la kushukuru. Akaniachia hata kupanga siku, na mimi, baada ya kusikiliza utabiri wa hali ya hewa kwa uzalendo mkubwa, nikaipanga.

Mjomba alikubali haraka, maana televisheni ya taifa ilikuwa ikihangaika kupata mafanikio yake ya kupiga picha. Alifuatana na msaidizi wake, mzee wa suti aliyebeba mkoba, mwavuli na tabasamu la akiba. Akakata utepe mlangoni. Tukaingia bwenini, tukamkalisha katikati, chini ya wingu lenyewe.

"Wananchi," alianza, "paa hili mnaliona."

"Tunaliona," tuliitikia kwa heshima, tukitazama juu. Kunguru akapita ndani yake.

Tone la kwanza lilimwangukia kwenye miwani. La pili likaangukia hotuba. Msaidizi akafungua mwavuli.

"Samahani, Mheshimiwa," nilisema. "Huyu mzee amefungua mwavuli ndani ya nyumba. Watu watamwelewaje?"

Kamera ikageuka. Mjomba akanitazama kwa lile jicho la kifamilia linalosema tutaonana nyumbani.

"Funga mwavuli," akasema.

"Mheshimiwa, unalowa."

"Nitalowaje, na mimi niko ndani?"

Mwavuli ukafungwa, mvua ikafunguka. Waalikwa walikumbuka mmoja baada ya mwingine kwamba wana simu za kupiga, wakatoka nje kusimama chini ya baraza la jikoni, ambako kulikuwa kukavu kabisa. Mjomba angeweza kuwafuata, lakini angekuwa waziri wa kwanza kutoka ndani ya nyumba kwenda kujikinga mvua nje. Akabaki. Hapo Ghorofa akasimama na kwaya yake. Walikuwa na nyimbo nyingi sana, na hakuna waziri anayeondoka katikati ya wimbo unaomtaja.

"Mnakaribia kumaliza, binti?" Mjomba aliuliza, tai ikimchuruzika.

"Bado ubeti wa kuishukuru wizara, Mheshimiwa," alisema Ghorofa. "Halafu idara moja moja."

Ndipo simu ya msaidizi ikaita. Akaisikiliza, akasimama wima, akamkabidhi Mjomba kwa mikono miwili. Alikuwa Mkuu wa Nchi, na alikuwa akitutazama moja kwa moja kwenye televisheni. Mjomba, kwa vidole vilivyolowa, akabonyeza kitufe cha spika bila kukusudia, na sote tukaisikia sauti.

"Waziri, uko wapi?"

"Niko ndani, Mheshimiwa."

"Ndani ya nini?"

Mjomba akatazama kuta nne, akatazama juu, maji yakamwingia machoni. Nadhani katika maisha yake yote ya kitaaluma hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Ndani ya makadirio, Mheshimiwa."

"Basi usitoke humo mpaka paa lipatikane."

Mjomba akapiga simu wizarani, akaagiza mabati.

"Yapo, Mheshimiwa," karani wa bohari alimjibu. "Yamo kwenye makadirio."

"Nataka ya kupigiliwa misumari."

"Aa, ya namna hiyo. Hayo tunayo yaliyoezekwa banda la magari yako tu."

Mjomba akaikamua tai yake, na mvua ikailowesha upya.

"Yang'oeni," akasema Mjomba.

Lori lilifika jioni na mafundi wakagonga misumari chini ya taa za gari la televisheni. Mjomba alitoka akipiga chafya, na wiki haikuisha kabla uwaziri haujamtoka. Siku hizi anatembelewa na wanafunzi wake wa zamani, wale waliorudia mwaka, nao humsalimia kwa uchangamfu wa kutia shaka.

Ghorofa bado yupo kitanda cha juu. Mabati mawili yalikuja na maandishi makubwa ya rangi nyekundu, na Mwalimu Mkuu aliagiza yageuzwe yaangalie ndani, wapita njia wasije wakaegesha. Kwa hiyo Ghorofa akilala chali husoma, karibu kabisa na pua yake: MAEGESHO YA WAZIRI TU. Juzi mwalimu wa zamu alichungulia mlangoni akauliza kama kuna nafasi ya kumlaza mgeni.

"Ipo, Mwalimu," alijibu Ghorofa, bila kuinua kichwa. "Ila mwulize kwanza kama ni gari."