Mkalimani wa Meza Mbili

Likizo ni kazi ngumu, na wanaoiweza ni wale wanaolalamika kwa sauti. Kwenye veranda ya nyumba moja ya wageni pale Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, Mama Clémentine wa Lubumbashi alikuwa akimweleza mdogo wake kwa simu: "Chambre ni ya muzuri, lakini kitanda inalia usiku yote. Miye njo ninaibembeleza!" Meza ya pili, Bwana Elliot, mstaafu wa Kitwe, alikuwa akimlalamikia mkewe kwa Kibemba kwamba amepumzika siku tatu mfululizo na sasa amechoka.

Katikati yao aliketi Willy wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, mwenye suti moja, viatu vinavyong'aa na mikono mitupu. Jioni hiyo alitakiwa kwa kina Arlène kupeleka posa, na mtu haendi ukweni mikono mitupu. Hata Willy, ambaye aibu haikumsumbua sana, alilijua hilo. Boti ingeondoka saa tisa. Akasikiliza zile lugha mbili, akaamini kwamba hakuna anayemwelewa mwenzake, akamshukuru Mungu kwa mnara wa Babeli.

Alianza na Elliot. Akamsalimu kwa Kibemba, kisha akamuuliza ukoo wake.

"Mamba," alijibu Elliot.

"Ndugu yangu! Hata mimi ni Mamba, ndiyo maana siwezi kunyamaza. Yule mama anasema tumbo lako lilifika Nchelenge asubuhi, wewe ukafika jioni."

Elliot akalitazama tumbo lake, akaona ushahidi ni mzito. Akatunga jibu kali kuhusu nywele za bandia za mama yule. Willy akakubali kulifikisha, ila akaeleza kwa masikitiko kwamba kubeba matusi ni kazi ya hatari. Elliot akamfungulia gari, akampa mfuko wa unga aliokuwa amewaletea jamaa zake. Heshima kwanza, ugali baadaye.

Kisha Willy akahamia meza ya Mama Clémentine.

"Mama, ukoo yenu ni gani?"

"Ya Samaki."

"Ata miye, yaya, dada yangu! Ule muzee anasema perruque yako, kuku anaweza kutaga mayai mule."

"Eh! Anasema ivi? Umuambie..."

Aliyotakiwa kumwambia hayaandikiki. Malipo ya kuyafikisha yalikuwa kitenge kipya, bado kimekunjwa. Willy akaona harusi hiyo!

Lakini Mama Clémentine hakuwa mtu wa kusubiri majibu. Hasira ilipochemka alisimama, akaenda mwenyewe kwa Elliot, akammwagia Kibemba safi. Bibi yake aliyemlea alikuwa mtu wa Puta, upande huu huu wa ziwa wanakosema Kibemba, jambo ambalo Willy hakuliuliza.

"Wewe ni wa ukoo gani, usiye na adabu?" alisema.

"Mamba! Na wewe nani?"

"Samaki!"

Elliot akaangua kicheko. Mamba na Samaki ni watani tangu enzi za mababu: hutukanana hata msibani, huchukuliana mali mchana kweupe, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Wakasimuliana habari za tumbo na za kuku, wakacheka mpaka machozi. Halafu wote wawili wakamgeukia Willy, aliyekuwa akinyata na mfuko begani.

"Petit," aliita Mama Clémentine, "weye ni Mamba ao Samaki?"

Swali dogo, shimo refu. Akisema Mamba, mama ni mtani wake. Akisema Samaki, mzee ndiye mtani. Willy akapiga hesabu: mzee amechoka kwa kupumzika.

"Samaki," alinong'ona.

Nguvu zikamrudia Elliot ghafla. Akachukua mfuko, akachukua kitenge akamrudishia mwenyewe, akachukua koti, akamalizia na viatu.

"Sasa cheka," Mama Clémentine alimkumbusha. "Mutani hakasirike."

Willy akacheka, maskini, akicheka hivyo hivyo mpaka ndani ya boti.

Jioni, kule Kilwa, baba yake Arlène aliangalia miguu ile mitupu kwa muda mrefu.

"Ku kwenu, mwanangu, ni ukoo gani?"

Willy akaishika suruali kwa mikono miwili.

"Papa," alisema, "uanze weye."