Ombi la Kuelekezwa Namna ya Kuugua kwa Utaratibu

Mwl. Eliezeri Eliufoo (mstaafu),
Old Moshi.
18 Agosti 2025

Meneja,
Mfuko wa Afya wa Wakulima na Wastaafu wa Mteremkoni,
Njoro, Moshi.

Ndugu Meneja,

YAH: KUJIZUIA KUUGUA BILA KIBALI CHA MFUKO

Kwa umri wetu, shikamoo ingetoka kwako kuja kwangu. Lakini mwenye shida ni mimi, kwa hiyo naitanguliza, na ukiipokea sitakulaumu. Huku juu baridi imeanza kupungua na kahawa inaiva.

Mimi ni mwanachama wenu wa miaka kumi na tisa. Nakuandikia kuungama kosa na kuomba mwongozo. Mwezi Juni mwaka huu nilijizuia kupata saratani ya utumbo mpana, jambo ambalo, kwa barua yenu ya tarehe 30 Julai, nimeelewa halimo katika mafao.

Chanzo ni mdogo wangu Davis, aliyefariki mwaka juzi kwa ugonjwa huo. Hapa nitoe shukrani zinazostahili. Mfuko ulimlipia operesheni, kitanda, dawa za kemo, mpaka gari lililomrudisha nyumbani akiwa hawezi tena kukaa. Hamkuuliza swali hata moja. Msibani mlileta shada kubwa kuliko la usharika. Lakini wodini Daktari Theopista alikuwa ametuita sisi ndugu zake pembeni.

"Mwalimu, wewe na dada yako mpimwe," aliniambia. "Msisubiri kuumwa. Ugonjwa huu unaanza bila maumivu yoyote, na ukiwahiwa unaondolewa."

Nilimtii. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Damu yangu ilikosa adabu ya kuonekana. Nilipima choo hospitali, wakakuta damu ambayo kwa macho haionekani. Majibu nikayaleta dirishani kwenu Njoro. Bi Kindness, binti mwenye heshima zake, aliyasoma mara mbili.

"Babu, hii damu umeiona wewe mwenyewe?"

"Hapana, mama. Wameiona maabara."

"Fomu yetu inasema damu inayoonekana. Hii imejificha."

"Sasa nifanyeje?"

"Subiri itokee, halafu uje. Ikishatokea tunalipa yote."

Nilisubiri wiki tatu. Damu pekee niliyoiona kwa kipindi hicho ilikuwa ya kwenye kisusio, ile supu yetu ya damu, siku tulipochinja mbuzi wa kipaimara, na hiyo niliinywa. Naomba basi Mfuko umteue afisa wa kuja kushuhudia. Choo changu kipo nyuma ya migomba, na saa zangu ni kumi na mbili na nusu asubuhi. Aje na mabuti. Mke wangu, Aikaeli, atamwandalia chai.

2. Niliuza dume langu la ng'ombe nikalipia mwenyewe kipimo cha kamera. Kabla ya kipimo unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita nne, na mchana ule njia ya kwenda chooni niliizoea kuliko njia ya shule niliyofundisha miaka thelathini. Jirani yetu Mektrida, aliyekuwa anakata majani mpakani, alihesabu safari zangu mpaka kumi na moja, akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu ana nini?" akamwuliza mke wangu.

"Anatafuta ugonjwa," Aikaeli akamjibu.

"Amekosa kazi?"

Kesho yake kamera ilikuta vinundu viwili. Kimoja, kwa maelezo ya maabara, kilikuwa kimeshaanza kubadilika kuelekea saratani. Daktari aliviondoa hapo hapo, kwa mpira ule ule wa kamera, na jioni nilikuwa nyumbani nakunywa uji. Sikushonwa wala sikulazwa. Nikadhani mtafurahi kunirudishia gharama, maana ni ndogo mno ukilinganisha na za marehemu. Mkanijibu hivi, nanukuu: "Tunakupongeza kwa afya njema. Kwa kuwa vinundu vimeshaondolewa, hakuna ugonjwa wa kulipia. Endapo utapata saratani, Mfuko utagharamia matibabu kwa asilimia mia."

Barua hiyo niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, nikaisoma tena.

3. Nimejaribu kurekebisha. Nilirudi kwa Daktari Theopista, nikamwomba kwa unyenyekevu anirudishie vinundu vyangu mahali vilipokuwa, vikae miaka minne mitano vifikie kiwango cha fomu. Alivua miwani.

"Mwalimu, leo umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Basi nenda nyumbani ukapumzike."

Kwa hiyo ninawaarifu kwamba madaktari hawatoi ushirikiano. Wanatibu watu mapema, bila kujali kwamba wanawanyima mafao yao.

4. Naomba jedwali. Davis alikuwa hatua ya nne ya ugonjwa, na kwake mlilipa kwa haraka ambayo sijaiona katika ofisi yoyote. Nimehitimisha kwamba hatua ya nne ndiyo mnayoipenda. Kama ni hivyo, wanachama waambiwe mapema wajipange, maana mtu hawezi kuingia hatua ya nne katikati ya msimu wa kuchuma kahawa akaiacha ikimwagika. Na anayegundulika hatua ya kwanza aelezwe kama atalipiwa, au arudi nyumbani akaongeze bidii.

5. Hili la tano nimeliandika mara tatu na kulifuta, kwa sababu halina utani. Dada yetu Eliaichi ana miaka hamsini na minne, ameolewa Kilema, anauza maziwa. Amepima choo wiki iliyopita. Majibu yake ni kama yangu, damu iliyojificha. Yeye hana dume la kuuza. Ana ng'ombe mmoja, na huyo ng'ombe ndiye anayemlisha yeye. Jumatatu ijayo saa tatu atakuwa dirishani kwenu. Akiambiwa asubiri, atasubiri, maana ni mtu mtiifu tangu utoto wake. Davis naye alisubiri miezi minane, akidhani ni bawasiri, akiona haya kumwambia hata mkewe. Nilimwosha mimi siku zake za mwisho, Ndugu Meneja. Alikuwa mwepesi kama kikapu.

Kwa hayo yote, ninaomba fomu ibadilishwe: kila mwanachama aliyefika miaka arobaini na mitano, na kila mwenye ndugu aliyeugua, apimwe kwa gharama ya Mfuko angali mzima. Kama ninyi mliotunga sharti hili mnaona aibu kulifuta, basi mniandikie barua rasmi inayonielekeza nianze kuugua lini, na niishie wapi.

Msalimie sana Bi Kindness, na umwambie sina kinyongo naye. Msalimie mlinzi wenu Martin, aliyenipa kiti chake siku ile foleni ilipofika barabarani, na mhasibu, na wote wanaopiga mihuri.

Ni mimi, nisumbuliwaye na afya njema,

Mwl. Eliezeri Eliufoo.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshatia barua kwenye bahasha, Aikaeli akaniambia mwalimu hatoi madai bila ushahidi, nikatafute ni nani aliyelitunga sharti hilo. Nikafungua jalada langu la mihtasari ya mikutano mikuu. Nimekuta mwaka 2016, ajenda ya saba. Kipimo cha kabla ya kuugua kilikuwemo kwenye mafao. Mtoa hoja ya kukiondoa, mpaka damu ionekane, ni mimi. Imeandikwa kwamba nilisimama nikasema mtu aliyelelewa kwa ndizi hana cha kuchunguliwa tumboni, na kwamba wanachama walicheka. Aliyeunga mkono hoja ni Davis. Barua sijaichana. Ila popote nilipoandika "ninyi", naomba usome "sisi", na katika mkutano ujao unipe nafasi ya kuiondoa hoja hiyo mwenyewe, nikiwa nimesimama.