Mlapacho wa Mama Mkwe

Jumatatu, 29 Julai

Baridi! Upepo wa kusini unaingia chini ya mlango bila hata kubisha hodi. Lakini mimi ni mke wa Eladio, na mke wa Eladio hasikii baridi. Wiki tatu za ndoa! Mume wangu. Naandika tena, kwa sababu kalamu yenyewe inafurahi: mume wangu. Asubuhi amenichemshia chai ya mate, akaniambia nililala mdomo wazi. Hakuna mwanamume mwenye maneno matamu kama hayo mkoa mzima wa Itapúa.

Kuna wingu moja tu: Jumamosi. Kaka yake, Porfirio, amemtumia tiketi ya basi la Buenos Aires, akachanganye zege huko kama wanaume wote wa kijiji chetu cha Yvypyta. Shamba letu la yerba, majani ya hiyo chai ya mate, ni dogo na ardhi yake imechoka. Eladio anasema atakwenda miezi michache tu. Nawajua wa miezi michache! Mume wa jirani yetu Ña Casiana alikwenda miezi michache. Sasa ana watoto huko, na Ña Casiana huwaona kwenye picha.

Sikubali. Na Mungu amenisikia, maana leo yameanza mafunzo ya uwekezaji endelevu katika kilimo, ukumbi wa kanisa, hadi Ijumaa. Wamekuja watu wa benki, wakaguzi wa ushirika, na wawakilishi wa mashamba manne. La kwetu naliwakilisha mimi, kwa kuwa nimemaliza sekondari. Zunilda, wa shamba jingine, naye amemaliza, lakini sitaki kuuchafua ukurasa huu mapema hivi.

Mwalimu ni Injinia Ofelia Recalde wa Asunción. Viatu vya ngozi, sauti ya redioni. Alhamisi atayatembelea mashamba yote manne. Ijumaa mfuko wake wa fedha utachagua moja la kuwekeza: miche, banda la kukaushia, na mshahara kwa mwenye shamba ili abaki shambani. Abaki shambani! Nikaiona picha nzima: Eladio, mimi, kivuli, watoto watatu. Labda wanne.

Mpango wa kwanza: kumpendeza Injinia. Akauliza mwekezaji makini hutazama nini kwanza anapoingia shambani. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nikasema: upendo. Ukumbi mzima ukacheka. Zunilda akasema udongo. Injinia akasema udongo ndilo jibu, ila upendo nao haudhuru.

Nimehesabu huo kuwa ushindi.

Jumanne, 30 Julai

Chipa. Nimeamka alfajiri kumwokea Injinia chipa, vimkate vya jibini, aanze siku akinipenda. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi Eladio alipoingia jikoni akifunga vifungo vya shati. Anafunga polepole sana. Zikaungua zote! Nikazipeleka hivyo hivyo, nikasema zimepikwa kwa moshi, mtindo wa mabibi. Bwana Arnaldo wa benki akauma moja, akaitoa kinywani, akaitia mfukoni kwa adabu kubwa.

Zunilda alileta mbejú, chapati ya muhogo, laini, ya moto, imefunikwa kitambaa. Injinia akala, akaongeza, akamwita "mwanangu". Huyu Zunilda ndiye aliyecheza polka na Eladio sikukuu ya San Juan, kabla yangu. Polka mbili. Ya pili haikuwa na ulazima wowote.

Somo la leo: yerba ni mtoto wa msitu. Ukiipanda peke yake juani, unaichuma miaka michache halafu unabaki na ardhi ngumu kama kigae. Mwekezaji wa kweli anataka kuona miti ya asili katikati ya yerba. Injinia alisema fedha inayokuja kuvuna na kuondoka haijawekeza, imeiba. Nililia kidogo. Kisha akauliza ni nani mwenye miti. Zunilda akasema baba yake alipanda tangu yeye akiwa mdogo. Macho yote yakanigeukia.

Ukweli ni kwamba shamba letu ni uwanja mtupu. Mwaka jana Eladio alipanda vijiche vya miti ya asili kati ya mistari, lakini havinifiki gotini, na amevifunika nyasi kavu visiunguzwe na baridi. Ukiviona utadhani kuku wamelala. Ni aibu kumwonyesha mtu mwenye viatu vile.

Mtu mmoja akasema kwa sauti: "Tunayo, Injinia. Tena inachanua!"

Mdomo ulikuwa wangu.

Jumatano, 31 Julai

Leo tumepiga kura ya nani atembelewe kwanza. Nikapata namba moja. Msiba! Nani humkumbuka wa kwanza? Harusini kwetu nyama ilikuwa ngumu kama mkanda, lakini keki ikaja mwisho na watu wote wakaondoka wakisifu. Wa mwisho ndiye keki. Nikamfuata Zunilda, mwenye namba nne, nikamwomba tubadilishane. Akanitazama juu hadi chini kama anayenunua farasi, akasema atakubali kwa kile kitambaa cha meza cha ñandutí, lasi ya kufumwa kwa mkono. Kile cha harusi yangu! Mama yangu wa ubatizo aliumiza macho kukifuma!

Nikampa.

Akanishika mkono, akasema, "Mungu akubariki, bi harusi. Wewe una akili kuliko unavyoonekana." Nilitembea nikitabasamu hadi darajani. Hapo ndipo nikaanza kuifikiria vizuri ile sentensi.

Baada ya chakula, watu wakiwa wamejilaza, nikaingia kwenye mpango mkubwa. Mama mkwe wangu, Ña Eulogia, yuko mjini Encarnación kwa dada yake hadi kesho. Mti wake wa mlapacho umesimama langoni, umejaa maua ya rangi ya waridi, hauna jani hata moja. Na hapo ndipo elimu inapofaa: mti usio na majani, nani atajua kama umekauka? Nikachukua msumeno wa Eladio, nikapanda. Nilikusudia matawi mawili tu. Lakini mkono ukishazoea!

Nikayachimbia matawi katikati ya yerba, mstari kwa mstari, nikayashindilia kwa kisigino. Maua yakanidondokea kichwani. Yaani ilikuwa kama naolewa tena! Nimekata mti ili tuonekane tunapenda miti. Nilipoliwaza hilo nililiona lina kasoro mahali fulani, lakini jua lilikuwa linateremka na kazi bado nyingi.

Eladio alirudi kutoka kupeleka majani kwenye kikaushio. Akasimama. Akavua kofia.

"Nimia, kipenzi," akasema, "huu msitu umeota saa ngapi?"

Nikamwambia umeoteshwa na mapenzi. Akageuka taratibu kulitazama lango. Akasema mama yake atatuzika wote wawili, tena shimo moja ili asichoke. Nikamwambia shimo moja na yeye ni sawa tu. Hakucheka kama nilivyotarajia. Akauliza vijiche vyake viko wapi. Nikasema, nani hutazama watoto, wakubwa wakiwepo? Basi akaanza kupita mstari kwa mstari, ameinama, akivisimamisha nilivyovikanyaga na kuvirudishia nyasi zake. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Kisha akasema afadhali afungashe kabisa, ikiwa mambo hayatakwenda. Nikamwambia hakuna haja. Na mkoba wake nimeuficha ghalani, chini ya mahindi.

Alhamisi, 1 Agosti

Tarehe mosi Agosti! Mimi, ninayeandika tarehe juu ya kila ukurasa! Mosi Agosti!

Asubuhi Eladio alinipa carrulim kabla ya mkate, kama ilivyo desturi ya kila nyumba siku hiyo: pombe kali ya miwa, majani ya ruda na ndimu, ili Agosti inayoondoka na ng'ombe waliokonda isiondoke na sisi pia. Nikanywa. Nikambusu. Nikafunga viatu. Na bado sikufikiri!

Nilifikiri tulipofika kwa Zunilda. Mama yake akatoka na sinia la vikombe. Injinia akasema atagusisha midomo tu, kwani yuko kazini. Mama Zunilda akashika kifua: "Mwanangu, unataka Agosti inizike?" Nani atajibu hilo? Injinia akamaliza kikombe. Akakagua miti akiwa timamu, akaandika, akasifu. Zunilda akanitazama akiwa ameegemea mlango, mtulivu. Alijua! Tangu jana alijua!

Shamba la pili, kwa Don Crispín, carrulim hutiwa kwenye vikombe vya bati vya supu. Shamba la tatu walikuwa na dumu lililolazwa tangu Agosti iliyopita, na babu wa nyumba akakagua kila kikombe kama kimeisha kweli. Bwana Arnaldo akabaki nyuma akimweleza ng'ombe habari za riba. Njiani Injinia alivua viatu vyake vya ngozi, akasema mguu wa mwekezaji lazima uijue ardhi. Mimi nilikuwa nasali.

Wakafika kwetu wakiimba.

Injinia akauona msitu wangu wa waridi. Akasimama katikati yake, miguu mitupu, machozi yakimtoka. "Nimia! Mwanangu!" Mwanangu! Mimi! Zunilda akameza mate. Nilitamani wakati usimame hapo hapo.

Wakati haukusimama. Injinia akawaita wote wasogee, awaonyeshe maana ya uwekezaji wenye mizizi. Akauegemea mti.

Mti ukaenda naye.

Ukaangukia wa pili, wa pili ukavuta wa tatu. Bwana Arnaldo akaruka kumdaka Injinia, akakumbatia tawi jingine, wakashuka nalo polepole kama wanaocheza. Na papo hapo lango likalia. Ña Eulogia, mkoba mkononi, chupa ya carrulim kwapani. Akautazama mlapacho wake, uliobaki kama kuku aliyenyonyolewa. Akaitazama yerba. Akajimiminia, akanywa. Akajimiminia tena, akanywa.

"Angekuwa mbuzi ningemsamehe, mkwe wangu," akasema. "Mbuzi hana sekondari."

Zunilda alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa namtazama Injinia. Hainuki! Nikajua nimeua mtu wa Asunción. Nikakimbia. Kumbe yuko hai, amelala kifudifudi, anafukua nyasi kavu kwa vidole.

"Na hawa ni akina nani?" akauliza.

Eladio akaja, kofia mkononi. Akasema ni watoto tu, Injinia, hawajawa kitu. Mlapacho, peterevy, kurupa'y, yote miti ya msitu wetu. Injinia akatambaa kwa magoti kutoka kimoja hadi kingine, akifunua na kufunika, na uso wake ukawa unarudi kwenye ukaguzi kidogo kidogo. Akamwuliza mbona hawakutajwa darasani. Eladio akanitazama, kisha akaitazama ardhi. Akasema mkewe aliona ni wadogo mno. Na yeye mwenyewe hakupenda kuwasema, kwani hana hakika kama atakuwepo kuwaona wakikua.

Zunilda akaacha kucheka.

Kisha Injinia akashikwa na kwikwi, na ziara ikaisha. Nilitaka kumkimbilia mume wangu, lakini mama mkwe alikuwa amesimama katikati yetu, na alikuwa ameshaupata msumeno.

Ijumaa, 2 Agosti

Ukumbi mzima umeshika vichwa. Injinia amezungumza kwa sauti ndogo na miwani nyeusi. Shamba lililochaguliwa: la Zunilda.

Nililia. Si kwa staha. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa, mbele ya benki na ushirika, nikiliona basi la kesho na dirisha lake na uso wa Eladio ndani yake. Zunilda akanipa leso. Yake mwenyewe! Akasema, "Basi, shoga, basi, hajamaliza kusema."

Hakuwa amemaliza. Injinia akasema kuwekeza katika shamba moja lenye kivuli katikati ya kijiji kisicho na miti hakuna maana. Mashamba yote ya Yvypyta yatahitaji miche ya asili, na mfuko utalipia kitalu. Anamtaka mtu anayefunika mche kabla ya baridi kuja, bila kuagizwa na bila kujua kama atalipwa. Kazi ya mwaka mzima, mshahara kila mwezi. Jana alimwona mtu huyo, ingawa alimwona kwa upande, kutokea chini.

Eladio! Mume wangu! Nikapiga ukelele. Injinia akashika kichwa, akaniomba nisirudie. Akaongeza sharti moja: mke wa bwana huyo asishike msumeno. Ukumbi ukacheka tena. Nami nikacheka, nikiwa bado nalia. Sura yangu lazima ilikuwa ya ajabu.

Kitambaa cha ñandutí Zunilda hakurudisha. Amesema atakitandika siku nitakayokuja kula kwake. Ni vigumu sana kumchukia mtu wa namna hiyo, lakini sijakata tamaa.

Jumapili, 4 Agosti

Jana basi limeondoka bila yeye! Tulikwenda kituoni kulitazama likiondoka, kwa raha tu, tumeshikana mikono, tukala chipa za kununua. Eladio akalipungia. Akasema hajawahi kuona kiti kitupu kizuri kama kile. Mimi nimeolewa na mshairi!

Na sasa, nikitulia na kupima mambo, naona wazi kwamba yote ni kazi ya mipango yangu. Nisingekata matawi, Injinia asingeegemea. Asingeegemea, asingeanguka. Asingeanguka, asingeviona vijiche. Na tungekuwa wa kwanza, angekuja timamu na kusimama wima muda wote! Nimemweleza Eladio. Akanibusu kwenye paji la uso, akaniomba nipumzike kidogo kupanga. Ananionea huruma kwa kazi nyingi, mpenzi wangu. Mama mkwe haongei nami bado, isipokuwa leo ameniomba chumvi.

Ila kuna jambo. Wenye mfuko wenyewe wanakuja Alhamisi kuona kitalu. Na kitalu, hadi leo, ni mifuko ya udongo. Mbegu zimo ndani, Eladio ameapa, lakini hakuna kilichochungulia. Watu watoke Asunción waje kutazama udongo? Mwekezaji lazima aone kitu kinachochanua!

Mama mkwe anakwenda tena kwa dada yake Jumatano. Mlapacho umebakiwa na tawi moja, la juu kabisa, na limejaa maua. Ukilikatakata vizuri linatosha kila mfuko.

Msumeno wameuficha. Nimeshauona: ghalani, chini ya mahindi. Hakuna mwenye ubunifu katika familia hii isipokuwa mimi.