Sauti kwenye Pikapu ya Mzee Castory

Jumatatu, 14 Julai

Wiki ya sita tangu nihame. Magari yaliyoingia gerejini kwangu leo: hakuna. Mbuzi walioingia: mmoja. Nikamfukuza, kisha nikajuta, maana alikuwa amesimama vizuri kabisa ananisikiliza.

Kuhama ni neno kubwa. Nimevuka barabara tu. Kule ng'ambo, hatua thelathini na nane kutoka hapa, wapo wenzangu wa miaka kumi na mmoja: Mudathir wa injini, Luka wa umeme na Zubeiri wa bodi. Kila mmoja ana wateja wake na vifaa vyake, lakini uwanja ni mmoja na sinia ni moja. Saa saba mchana Mama Consolata anashusha wali, wananawa, wanalizunguka. Kwangu analeta sahani. Sahani moja na kijiko, kama mgonjwa!

Sababu ya kuhama niiandike kwa haki. Mwanzoni mwa Juni nilimsaidia Mudathir kufunga injini. Fundi akiacha tundu la hewa wazi, huliziba kwa tambara ili nati isidumbukie ndani. Tambara likasahaulika humo. Gari likagoma kuwaka siku mbili, mwenye gari kasimama anatazama. Sheria ya uwanja ni ya zamani: fundi aliyekosea hatozwi wala hatukanwi, ila anashika jagi na kuwanawisha wenzake kabla ya kula, wiki nzima. Nikaambiwa nishike jagi. Mimi! Miaka hamsini na minne, nimnawishe Luka niliyemfundisha hata namna ya kushika bisibisi! Nikasema tambara si langu. Kweli lilikuwa limechanwa kwenye kanga ya mke wangu, lakini kanga ziko nyingi Tanga hii. Nikabeba vifaa vyangu, nikaikokota na winchi yangu, nikavuka.

Lilikuwa langu. Nakiri humu tu.

Mke wangu Mwamvua yuko Mkwaja kwa binti yetu aliyejifungua, kwa hiyo nyumbani nako kimya. Jana nimejikuta naipa redio habari za asubuhi.

Lakini mpango ninao. Winchi ya kunyanyulia injini mtaa huu ni moja, ya kwangu. Siku watakapotoa injini watavuka wenyewe, na watakuja kwa adabu. Nimeipaka rangi nyekundu ionekane vizuri.

Jumanne, 15 Julai

Wanatoa injini! Gari la kusambazia mikate. Nimevaa ovaroli safi, nikaisogeza winchi hadi ukingoni mwa barabara, nikakaa nimewapa mgongo kidogo, kama mtu asiye na habari.

Hawakuja. Wamechukua bomba la chuma, kamba ya katani, mabodaboda wawili na muuza kahawa. Zubeiri akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia, injini ikatoka kwa nderemo kama bibi harusi. Luka alicheka mpaka akakaa chini. Wimbo wenyewe naujua. Nimeitikia, lakini kimoyomoyo.

Mama Consolata akauliza kwa nini winchi iko barabarani. Nikasema naikausha rangi. Akanitazama kitambo, kisha akaniongezea kipande cha samaki. Sikumwomba.

Jumatano, 16 Julai

Mteja! Mzee Castory, mstaafu wa shamba la mkonge. Nikampa shikamoo yake, akasema anataka kubadilisha oili tu kwenye pikapu yake ya kubebea machungwa. Kazi ya nusu saa. Nilipokuwa chini ya gari ndipo akili ikanijia.

Fundi anaweza kupita penye chakula asigeuke. Anaweza kupita penye ugomvi. Hawezi kupita penye sauti asiyoijua kwenye gari. Huu ni ugonjwa wetu sote. Basi nikafunga nati kwa waya mwembamba, nikaining'iniza ndani ya chesisi mahali ambapo mkono haufiki. Injini ikinguruma polepole, inagonga: ko, ko, ko. Ukikanyaga mafuta, inanyamaza. Haidhuru chochote. Kazi safi sana, sijafanya kazi safi namna hii mwaka mzima.

Mzee Castory akasema gari halikuja na sauti hiyo. Nikamwambia maradhi ndivyo yanavyoanza. Akakaa kwenye benchi langu, kofia mkononi, kanywea. Nikaona vibaya kidogo. Nikamnunulia kahawa.

Nikaacha injini ikinguruma. Dakika kumi, nyundo za ng'ambo zikatulia. Dakika ishirini, Luka akavuka, akasema anafuata vocha. Kibanda cha vocha kiko upande wao! Akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema ni alteneta. Zubeiri akavuka kuja kumwita Luka. Hakumwita. Akasema alteneta wapi, hizo ni raba za injini. Wakabishana hadi jua likapungua.

Mudathir hakuja. Lakini alisimama kutazama, na alisimama muda mrefu.

Alhamisi, 17 Julai

Amekuja! Ameuliza hali yangu, ya Mwamvua, ya mjukuu, kisha akachomoa ile bisibisi yake ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, macho kafumba. Akasema hakika sauti haitoki kwenye injini. Huyu mtu anatisha. Haraka nikasema ni giaboksi, mtu yeyote angesikia ni giaboksi.

Basi ikawa vita. Nimempinga kila mmoja kwa zamu. Nimemwita Zubeiri fundi wa makopo, akaniita babu wa kutu. Luka alikuwa upande wangu robo saa nzima, kisha akanisaliti. Raha gani hii! Sauti imenikauka kwa kubisha.

Saa saba Mama Consolata alisimama katikati ya barabara na sinia kichwani, hajui aelekee wapi. Mudathir akamwonyesha kwa kidole. Hapa. Kwangu! Nimetandika mkeka wangu wa kulalia chini ya magari, upande safi juu. Kwa kuwa hakuna aliyejua kosa ni la nani, kila mtu amenawa mwenyewe. Nimekula kuliko wote. Nilikuwa nimesahau kwamba wali wa sinia una ladha nyingine.

Mzee Castory, tuliyekula naye, akauliza kama gari litapona kabla ya Jumamosi. Ana machungwa Muheza, yameshachumwa. Nikasema Mungu akipenda.

Jioni walipotawanyika ningeweza kuitoa ile nati. Nimeisukuma ndani zaidi.

Ijumaa, 18 Julai

Baada ya swala Mudathir amekuja na waya wenye ndoano. Akalala chini ya pikapu, akapenyeza waya ndani ya chesisi, akavuta. Ikatoka nati, na waya wake, na fundo. Kila fundi ana namna yake ya kufunga waya. Mimi huzungusha mara tatu na mkia naukunja ndani. Hata kipofu angelijua fundo lile kwa vidole.

Luka akatazama juu. Zubeiri akatazama viatu vyake. Mzee Castory akauliza ni nini. Nikangoja kufa.

Mudathir akasema ni nati tu, imerushwa na barabara mbovu ikanasa humo, sasa gari ni zima. Mzee Castory akatushika mikono sote, mimi akanishika mara mbili, akaenda zake Muheza. Sijapata kujiona mdogo kiasi kile.

Kisha Mudathir akanivuta pembeni. Akasema kwa upole kwamba mtu akitaka kula na wenzake anavuka barabara, hawaongezei wazee wa watu maradhi kwenye magari. Akasema ile adhabu ya wiki nzima wameifuta. Nishike jagi leo, mara moja, yaishe.

Nikavuka. Pilau lilikuwa limeshushwa, na upande wa ukutani, nilipokuwa nikikaa zamani, pako wazi. Nilikuwa tayari, wallahi nilikuwa tayari. Nikanyoosha mkono kuchukua jagi, Luka akawa kalishika kabla yangu.

"Lete mikono, mwalimu wangu," akaniambia.

Akaninawisha mimi, wa kwanza. Wengine wakainamia sinia ili wasinitazame usoni. Ilibaki kukunja magoti tu, basi. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba tambara lile halikuwa langu, na kwamba nina mteja ananingoja.

Nikavuka kurudi, mikono yachuruzika maji. Mteja hakuwapo. Nimekaa mpaka mikono ikakauka.

Jumamosi, 19 Julai

Mama Consolata ameleta sahani. Amesema jana hawakugusa pilau mpaka likapoa, maana waliamini mteja ni wa kweli na kwamba nikimaliza nitarudi. Halafu akasema, samahani kaka Rahimu, lakini wewe ni mjinga. Nikamwambia mambo ya ufundi hayajui.

Nimefikiri kutwa nzima, na nimeona nilipokosea. Nati ilikuwa ndogo mno, na chesisini ni pa kwanza kutazamwa na mtu kama Mudathir. Na lile fundo! Fundo nitalifunga kwa namna ya Zubeiri. Mwenye duka la nondo analeta gari lake Jumatatu, kubadilisha oili. Safari hii ni beringi nzima, na itakaa ndani ya mlango wa nyuma. Wiki mbili hawatoki hapa.

Nimeazima benchi kwa muuza kahawa. Nimelifuta vumbi, nikalipanga litazamane na langu. Halafu nikakaa kila nafasi, moja baada ya nyingine, kuhakikisha. Wote wataenea.